Nilimsifu Siti, Nikamnyamazisha Mdogo Wangu

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba nyani haoni kundule. Methali hiyo nimeitumia mara nyingi katika kurasa hizi, nilipokuwa nikiwaonya wazazi wasiowasikiliza watoto wao, waume wanaosahau njia ya nyumbani siku ya mshahara, na majirani wanaokesha wakihesabu makosa ya wenzao. Leo nalazimika kuitumia juu yangu mwenyewe. Habari ninayokuletea ni ya nyumbani kwetu, na mwenye kosa ndani yake ni mimi niliyeshika kalamu.

Ilianza kazini. Mhariri aliniita mezani kwake akaniambia kuwa anataka makala ndefu juu ya Marehemu Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, kwa ajili ya ukurasa wetu wa jamaa. Alitaka wasomaji vijana wajue kwamba kabla ya redio na kabla ya vipaza sauti palikuwapo mwanamke aliyetoka shamba na chungu kichwani, akaifanya sauti yake isikike kutoka Unguja hadi Bara Hindi. Niliipokea kazi ile kwa furaha. Nilitafuta wasifu alioandikiwa na Shaaban Robert, nikawauliza wazee wanaoukumbuka mwambao wa zamani, nikajaza kurasa za maelezo. Kila jioni nilirudi nyumbani na mfuko wa karatasi, na baada ya chakula cha usiku niliketi mezani nikiandika sifa za mwimbaji aliyefariki mwaka 1950.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikiendelea katika nyumba hiyo hiyo, chini ya taa hiyo hiyo.

Tunaishi Magomeni, mimi, mama yetu, na mdogo wangu wa kike ambaye ni kitinda mimba. Baba alitutangulia mbele ya haki zamani, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na ndiye niliyetangulia kupata kazi, neno langu nyumbani limekuwa na uzito karibu sawa na la mzazi. Mdogo wangu anashona katika kiwanda cha nguo. Huondoka alfajiri na kurudi jua likizama, macho yamemwiva kwa kutazama sindano ya cherehani. Hata hivyo, jioni mbili kwa juma, na mchana wa Jumapili, hakuwa akirudi moja kwa moja. Alikuwa akipitia nyuma ya duka la mshona nguo mmoja, ambako wapigaji watano au sita hukutana kufanya mazoezi ya taarabu. Huko alikuwa akiimba.

Kuimba kwenyewe hakukuwa jambo geni. Tangu utoto alikuwa na sauti, na majirani walizoea kumwita katika shughuli za mwali na maulidi. Kilichomtia mama hofu ni kwamba sasa jambo hili lilikuwa na wapigaji wa kiume, mwaliko wa harusi, na watu wa kutunza fedha. Hofu ikawa kubwa zaidi ilipoletwa posa.

Posa ilitoka kwa watu wa heshima. Kijana mwenyewe ni fundi umeme, mpole, asiyenywa, na mdogo wangu hakuficha kwamba moyo wake ulikuwa radhi. Barua ilisomwa, fedha ya kishika uchumba ikapokewa. Kisha mshenga, mzee mwenye maneno ya taratibu, akasafisha koo na kusema kwamba upande wa mume una ombi moja dogo tu: binti aache uimbaji kabla ya ndoa. Hawakutaka, alisema, mke wa mtoto wao awe anasimama mbele ya kadamnasi akitupiwa noti.

Mama alinitazama mimi. Nami, ndugu msomaji, nikajibu kwa niaba ya mtu ambaye alikuwa ameketi chumba cha pili akisikia kila neno. Nilisema, "Hilo halina taabu." Usiku ule nilichukua daftari lake la nyimbo lililokuwa chini ya mto, nikalifungia ndani ya kabati langu la nguo na ufunguo nikautia mkobani. Nilimwambia kuwa namtunzia mpaka harusi ipite. Yeye hakubishana. Alinyamaza tu, na kwa majuma mawili nyumba yetu haikusikia hata mluzi.

Kisha nikakaa mezani, nikaendelea kumsifu Siti.

Hebu na wewe uyajue niliyokuwa nikiyaandika. Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha kusini magharibi mwa Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake ya Uzigua. Walikuwa watu wa tabaka la chini kabisa katika visiwa ambavyo utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku. Sheria ya kuukomesha ilikuja mwaka 1897. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Hilo la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alikuja kulipata baadaye. Kazi ya kwao ilikuwa kilimo na ufinyanzi, naye alikuwa akibeba vyungu kwenda kuviuza, akivinadi njiani kwa sauti. Wanasimulia kuwa watu walimtambua kwa sauti hiyo kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mpigaji wa chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, naye akamfundisha uimbaji wa taarabu. Yafaa tukumbuke taarabu ya siku zile ilikuwa kitu gani. Ilikuwa muziki wa jumba la mfalme. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri na kumpeleka kijana mmoja wa Unguja hadi Cairo akajifunze kupiga kanuni. Ala zake zilikuwa udi, kanuni, fidla na nai. Lugha yake ilikuwa Kiarabu. Waimbaji wake walikuwa wanaume. Mtu wa kawaida wa Ng'ambo, yaani ule upande wa pili wa mji walikokaa wachukuzi, wavuvi, vibarua na watu waliokuwa watumwa jana, aliisikia kwa mbali kama vile maskini anavyosikia harufu ya pilau ya jirani.

Siti aliifungua ile milango. Alichukua ala na mahadhi ya Kimisri na Kiarabu, ambayo alijifunza barabara, akayatilia maneno ya Kiswahili na beti za Kiswahili zenye vina vya kati na vya mwisho, jinsi zilivyoimbwa mashambani na vichochoroni. Aliimba Kiarabu na Kihindi pia, wala hakuona haya kufanya hivyo. Lakini kilichomfanya awe Siti ni Kiswahili. Wapigaji wake, miongoni mwao Mbaruk, Subeit, Buda Swedi na Maalim Shaaban, walikuwa wakikutana nyumbani kwake usiku, na habari ya mjini iliyotokea mchana iligeuzwa kuwa wimbo kabla ya alfajiri.

Nyimbo zile hazikuwa za mapenzi tu. Mojawapo ilimhusu mtu aliyeitwa Kijiti, ambaye alimwua mwanamke mgeni aliyekuwa amefika Unguja kutoka Dar es Salaam, kisha akatorokea Bara. Mahakama ya kikoloni ikaishia kuwafunga wanawake waliofika kutoa ushahidi, na mwuaji asitiwe mkononi. Mwandishi wa gazeti angeliandika hayo wakati ule angelikiona cha mtema kuni. Siti aliyaimba, na watu wa Ng'ambo wakayahifadhi moyoni.

Mwaka 1928 alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai, kuimba katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Sahani hizo zilienea mwambao mzima na bara ndani, zikapigwa mahotelini na mabarazani, na watu ambao hawakupata kusikia Kiswahili kikitoka ndani ya sanduku walisimama njiani wakisikiliza. Si kwamba kila mtu alifurahi. Wako waliomsuta hadharani kwa nyimbo, wakimkumbusha ushamba wake, umaskini wake na nguo alizokuja nazo mjini. Alijibu kwa wimbo vilevile, akaendelea na kazi.

Basi, usiku mmoja nilikuwa nimefika hapo katika kuandika, pale penye masuto na majibu, na nilikuwa nimependezwa mno na sentensi zangu. Mdogo wangu alikuja na kikombe cha chai akakiweka karibu na karatasi. Alisimama nyuma yangu akasoma kimya kimya kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Dada, na huyu Siti aliimba kwa ruhusa ya nani?"

Nikasema kwamba zama zile zilikuwa nyingine. Akasema, "Ndiyo, Dada. Zilikuwa mbaya zaidi." Akachukua kikombe cha jana kilichokuwa tupu, akaenda kulala.

Sikuandika tena usiku ule. Nilikaa nikatazama mlango wa kabati langu, na ndani yake nikaliona lile daftari kana kwamba mbao zilikuwa kioo. Nilijiuliza swali ambalo mwandishi hapendi kujiuliza: kama Siti angezaliwa katika nyumba hii, ningemwandikia makala au ningemfungia daftari? Jibu lilikuwa kwenye mkoba wangu, limening'inia kwenye pete ya funguo.

Jumapili iliyofuata nilifanya jambo ambalo ilinipasa kulifanya kabla ya kumjibu mshenga. Nilimwomba mdogo wangu anipeleke mazoezini.

Mahali penyewe ni ua wenye mwembe mmoja na mabenchi mawili. Palikuwa na mzee wa fidla mwenye kofia ya kiua, kijana wa kinanda cha umeme, mpiga udi, na vijana wawili wenye ngoma. Nilitarajia kusikia taarabu kama tunayoizoea. Badala yake nikasikia kitu kilichonisimamisha nywele, kwa sababu nusu yake nilikuwa nikiijua tangu tumboni.

Lazima nikueleze. Bibi yetu mzaa mama alikuwa Mzigua wa Handeni, naye alikuwa mfinyanzi. Tulipokuwa wadogo tukipelekwa kwake likizo, tulimsaidia kuponda udongo, na kazi ile ilikuwa na nyimbo zake. Bibi alianzisha, wanawake wenzake wakaitikia, na mikono yao ikafuata. Nyimbo zile hazikuwa na beti zilizopimwa. Zilikuwa na mwito na mwitikio, na kurudia kusikochosha. Bibi alipofariki nilidhani amezikwa nazo. Kumbe mtoto aliyekuwa mdogo kuliko sote, aliyekuwa akilala usingizi juu ya kanga pembeni ya udongo, ndiye aliyezihifadhi.

Alichokifanya mdogo wangu ni hiki. Aliuchukua mwito wa bibi, akautungia beti za Kiswahili za mistari mitatu mitatu, zenye vina kamili, kama taarabu inavyotaka. Fidla na udi vikabeba hizo beti. Lakini mwisho wa kila ubeti, mahali ambapo kwa kawaida kinakuja kibwagizo, waitikiaji waliingia kwa Kizigua, na ngoma mbili zikabadili mwendo, zikafuata mapigo ya mikono ya wafinyanzi. Kisha fidla inarudi taratibu, inawachukua tena wote na kuwapeleka pwani.

Haikuwa rahisi, wala haikuwa kamili. Mara ya kwanza walikosana katikati, wakasimama, wakacheka. Kijana wa kinanda alilalamika kwamba sauti fulani za wimbo wa bibi hazipatikani kwenye chombo chake. Akibonyeza hapa inakuwa juu mno, akibonyeza pale inakuwa chini mno. Yule mzee wa fidla akamwambia, "Mwanangu, kinanda ni ngazi, na mtu hukanyaga kipago kimoja au kingine. Fidla ni mteremko; unaweza kusimama popote. Udi pia haukukatwa vipande shingoni. Waarabu walijua kuna sauti kati ya sauti, na bibi yake huyu alijua hivyo hivyo bila kufundishwa na Mwarabu. Hapa ndipo wanapokutana. Wewe nyamaza mahali hapo, utuachie."

Nilimwuliza yule mzee kama haoni kwamba taarabu inaharibiwa. Alinitazama kwa huruma. Alisema kwamba tangu ajifunze kushika fidla amekuwa akisikia kuwa taarabu inaharibiwa. Walipoingiza Kiswahili, iliharibika. Watu wa Tanga, akina Black Star na Lucky Star, walipoleta magitaa, iliharibika. Marehemu Bi Kidude alipoweka ngoma ya unyago magotini na kuimba bila ya kujifunika uso, ilitoweka kabisa. "Lakini ona," alisema, "bado nina kazi ya kufanya Jumapili."

Nilirudi nyumbani nikafungua kabati. Daftari nilimkabidhi mdogo wangu kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kumpa mtu kitu chake. Nilimwomba radhi. Ndugu msomaji, kumwomba radhi mtu uliyemlea ni kazi ngumu kuliko kuandika kurasa kumi, na ninawaambia wakubwa wenzangu kwamba hakuna aliyepata kufa kwa ajili yake.

Lakini kosa lililokwisha kutembea halirudishwi kwa daftari peke yake. Nilikuwa nimetoa ahadi kwa mshenga. Tukakaa watatu, na mama akasema yaliyomo moyoni mwake. Hakuchukia kuimba, alisema. Yeye mwenyewe ni mtoto wa mama aliyekuwa akiimba. Anaogopa midomo ya watu, anaogopa usiku, anaogopa wanaume wanaodhani kuwa noti waliyotoa imenunua zaidi ya wimbo. Hofu hizo si za kipumbavu, nami sikuzidharau. Nikampa habari za Siti, nikamwambia kwamba mama yake alikuwa Mzigua, na kwamba walikuwa wafinyanzi. Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ni mwenzetu." Hakusema zaidi.

Mdogo wangu ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Waambieni nipo tayari kuolewa. Nitapika, nitazaa Mungu akipenda, nitawaheshimu wakwe. Ila nisitakiwe kuolewa nusu, nusu nyingine ibaki kabatini." Baba yetu mdogo alitumwa kupeleka maneno hayo, akayalainisha kadiri alivyoweza. Baada ya siku tisa mshenga akarudi, safari hii bila kukaa kitako kwa muda mrefu. Kishika uchumba kikarejeshwa. Nilimwona mdogo wangu akienda kazini asubuhi ya pili yake akiwa na macho mekundu, na sidhani kwamba ilikuwa kwa sababu ya cherehani.

Nakueleza hili kwa sababu magazetini tumezoea kuandika habari za watu waliofanikiwa kana kwamba hawakulipa kitu. Sauti ina gharama, nayo hulipwa na mwenyewe. Tunapomsifu Siti leo tunasahau kwamba palikuwa na jioni alizosutwa akiwa hai na mwenye masikio. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipoanza kutoa jarida lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti. Ni heshima inayomstahili. Lakini heshima hiyo ilimfikia akiwa kaburini miaka thelathini na minane, na wenzetu walio hai hawana subira ya namna hiyo.

Wako watakaouliza: je, kuchanganya namna hii si kupoteza utamaduni wetu? Swali hili ni la haki. Jibu lake alilitoa Mwalimu Nyerere zamani, tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, alipolieleza Bunge sababu ya kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisema kwa maana hii: utamaduni ndio roho ya taifa, na taifa lisilokuwa na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu. Lakini hapo hapo aliongeza kuwa taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa mataifa mengine halina akili. Ila kujifunza kwa wengine si sababu ya kutupa kilicho chako. Nadhani Siti alilielewa jambo hilo miaka mingi kabla ya hotuba ile. Hakuitupa Misri kwa ajili ya Fumba, wala hakuitupa Fumba kwa ajili ya Misri. Alizikalisha mkeka mmoja.

Tena tusijidanganye kwamba upande mmoja wa mchanganyiko ni wetu na wa pili ni wa wageni. Lugha hii ninayokuandikia imeshonwa kwa nyuzi za Kibantu na za Kiarabu, na vipande vya Kihindi, Kireno na Kiingereza, na hakuna anayeivua kwa sababu hiyo. Vijana wa Unguja wanaendelea kufanya hivyo hivyo. Tangu chuo cha muziki cha Dhow Countries kilipofunguliwa mwaka 2002, wasichana wamejifunza udi na fidla, ala ambazo zamani zilikuwa mikononi mwa wanaume. Na mwaka 2018 kundi la Siti and the Band, lenye waliopitia chuo hicho, lilitoa mkusanyo wa nyimbo unaochanganya taarabu na muziki wa kisasa.

Nimalizie habari ya mdogo wangu. Aliimba ule wimbo wa bibi hadharani kwa mara ya kwanza katika harusi ya jirani, hapa hapa Magomeni. Ningependa kukuambia kuwa watu walisimama wakapiga makofi. Haikuwa hivyo. Ubeti wa kwanza ulipokewa vizuri, lakini ulipofika mwitikio wa Kizigua wanawake waliokuwa wamejiandaa kwenda kutunza walisita katikati ya ukumbi, noti mkononi, hawajui waendelee au warudi. Vijana waliokuwa nyuma walitaka nyimbo zenye kishindo zaidi. Nilisikia mtu akinong'ona, "Hii nayo ni taarabu gani?"

Ndipo nilipomwona mama. Alikuwa ameketi karibu na ukuta, katika kundi la wazee wenzake, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa akiitikia. Hakuwa akiitikia kwa ajili ya mtoto wake. Alikuwa amefumba macho, na viganja vyake vilikuwa vikipigapiga magoti kwa mwendo wa kuponda udongo. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake, mtu wa Handeni pia, akadakia. Kisha wa tatu. Waitikiaji wa jukwaani wakapata wenzao chini, na wimbo uliokuwa unataka kuanguka ukasimama. Ulipokwisha, aliyetoka kwenda kutunza wa kwanza alikuwa mama yangu. Alitembea polepole, akaweka noti katika kiganja cha mwanawe, akarudi kukaa bila kutazama kushoto wala kulia.

Jambo moja zaidi niliona, nami nalitaja kwa kuwa nimeahidi ukweli. Karibu na mlango alikuwa amesimama yule kijana fundi umeme. Hakuja mbele, wala hakutunza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka. Alikuja kutafuta nini, sikumwuliza mdogo wangu, na yeye hakuniambia. Nimejifunza kutomjibia.

Kwako wewe, ndugu msomaji, mzazi au mkubwa wa nyumba, nina maneno machache. Ikiwa una kijana mwenye kipaji, usikimbilie kumkataza wala kumsifu. Nenda kwanza ukamsikilize mahali anapofanyia mazoezi. Wajue wenzake kwa majina. Ikiwa unahofia usiku, msindikize au mtafutie wa kumsindikiza. Ikiwa unahofia kudhulumiwa, mweleze kwamba nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwamba hapaswi kutia sahihi karatasi ya mtu yeyote kabla haijasomwa na mwenye kuelewa. Mwambie aishike kazi yake ya mkono mpaka sauti iweze kumlisha. Mdogo wangu bado anadamka alfajiri kwenda kiwandani. Hofu ya mzazi ni mali njema ikitumika kulinda, na ni sumu ikitumika kuziba mdomo.

Makala yangu juu ya Siti niliiandika upya. Ile ya kwanza, iliyokuwa na sifa nzuri nzuri, niliichana. Mhariri aliposoma hii unayoshika mkononi aliniuliza kama mdogo wangu ameridhia kuandikwa. Nilimjibu kwamba safari hii nilimwuliza kwanza. Aliisoma yote mezani pale pale, akasahihisha mahali nilipokosea juu ya mwendo wa ngoma, kisha akasema kuna jambo moja tu limempendeza: kwamba sikutaja jina lake.

"Jina nitalitaja mwenyewe, Dada," alisema. "Nikiwa tayari."